Gemu Zilifunguka, Baba Akafutika

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mkazi wa Garsen. Nina kibanda cha gemu ambacho siku hizi nakichukia, ingawa ndicho kinachotulisha mimi na mama yangu mjane.

Kompyuta zangu zinatumia Linux badala ya Windows, maana flash za vijana zilikuwa zikinijazia virusi. Lakini gemu wanazozitaka zimeundwa kwa ajili ya Windows. Nilizihifadhi kwenye diski ya nje, na siku moja zikagoma zote. Unabonyeza, kioo kinakuwa cheusi, kisha kimya! Wateja wakaanza kunikimbia.

Nikamwita Maro, mtoto wa ami yangu, mjuzi wa kompyuta. Alipopekua ile diski akakuta video ya marehemu baba.

Ndugu zangu, video hiyo ilikuwa roho yetu! Mto Tana huhama na kumeza alama za mashamba. Kwa hiyo baba, akiwa tayari mgonjwa, alitembea mpaka wa shamba letu mbele ya wazee wawili, akitaja mti baada ya mti, nami nikimrekodi. Wazee hao nao wameshatangulia. Kila Ijumaa mama aliitazama, akicheka baba anavyogombana na mbuzi wa jirani.

Maro aliitazama mpaka mwisho, kisha akairudia... Kwa nini sikushtuka?

Akaweka programu ya kuendeshea gemu za Windows, akajaribu hili na lile, wapi! Mwishowe akasema, "Dada, shida ni hii diski. Imepangwa kwa mtindo wa Windows, Linux inazinyima gemu ruhusa ya kuanza. Lazima tuifomati, tufute kila kitu tuipange upya." Nikauliza, na video? "Hiyo nishakopi kwa laptop yangu. Usijali." Ni damu yangu, ningemkataaje?

Akafomati, akarudisha gemu, zikafunguka. Vijana wakashangilia! Maro akarudi Bura kwa baba yake, na simu zangu hakuzishika tena.

Kisha mto ukafura. Maji yalipopungua, shamba lilikuwa tope tupu, hakuna mkindu wala mkuyu. Ami akaja kutoka Bura, yeye ambaye hata kwenye matanga ya baba hakuonekana, akadai shamba ni lake. Wazee wa kijiji wakaketi kutusikiliza. Kabla sijafungua mdomo, ami akanigeukia akitabasamu. "Si mna video? Tuwekee basi tuone."

Video ile ami hakuwahi kuiona, wala hatukumwambia. Alijuaje kwamba ipo... na alijuaje kwamba haipo tena?

Bila ushahidi mwingine, shamba likaenda kwa ami. Juzi mteja kaleta gemu kwenye diski yake, ikagoma vilevile. Nikaihamishia ndani ya kompyuta yenyewe, ikafunguka! Kumbe hakukuwa na haja ya kufuta chochote. Nililia mbele ya wateja bila haya.

Nawasihi, mtu akikwambia amekopi, mwambie aifungue uione kwa macho yako, hata kama mmenyonya ziwa moja! Mama yangu haulizi habari za shamba. Ijumaa huja kibandani, akaketi, akaniambia, "Mwanangu, niwekee baba yako." Nami humjibu kwamba kompyuta imeharibika, huku vijana wakicheza gemu nyuma yangu.