Jino la Kazi Namba Saba

Jino lilikutwa kooni mwa marehemu. Jino lake mwenyewe la bandia, jipya, la siku mbili. Mwalimu mstaafu aliyewafokea watoto wa mtaa mzima aling'ata mkate asubuhi, akashika shingo, akaanguka. Mtaa ulipigwa na butwaa. Watu walizoea kuogopa mdomo wa mwalimu. Hakuna aliyewaza kwamba ungemuua yeye.

Saa nne Inspekta aliingia karakana ya meno, nyuma ya zahanati. Meno yake mawili ya mbele yalikwenda na maji zamani, na askari wake walimwita Kibogoyo akigeuka tu. Alijua. Hata meno mapya alishayaagiza kwenye karakana hiyo hiyo.

Chumba kilikuwa na meza mbili. Kwenye moja, mashine ya kuchapa meno ya plastiki ilinguruma, na fundi wake, Binti, alikuwa amekaa. Kwenye nyingine alikuwa Mzee Nta, aliyechonga meno kwa mkono tangu Binti hajazaliwa. Alikuwa akilia. Marehemu alikuwa dada yake mkubwa.

"Mashine imemuua dada yangu! Nilisema mimi! Ufizi wa kuchapa, meno ya kuchapa, halafu unayagandisha kwa gundi kama soli ya kiatu!"

Inspekta alimpa mkono wa pole. Ukateleza kama kambale.

"Niwie radhi, afande. Mafuta ya mgando. Napaka kwenye kalibu za plasta zisigandane."

Inspekta akajifuta kwenye suruali, akamgeukia Binti. "Haya, mwanangu. Ulifanyaje?"

"Nilipiga msasa, nikapangusa kila kishimo kwa spiriti. Daktari akaniita nimshikie mgonjwa. Niliporudi nikatia gundi, nikapanga meno, nikaweka kwenye taa yakauke."

"Daktari mlikuwa naye muda wote?"

"Muda wote."

"Humu alibaki nani?"

Binti akainamisha kichwa. "Babu peke yake."

"Mimi?" Mzee Nta akaruka. "Nimuue dada yangu, tumbo moja, ziwa moja? We mtoto, jela inakuita, usinivute na mimi!"

Hata Inspekta aliona haya kwa swali lake.

Daktari, aliyekuwa mlangoni, akakohoa. "Hakuna aliyejua ni ya mwalimu, ila mimi. Kazi huja humu na namba tu. Ile ilikuwa namba saba."

Inspekta akatoa ile seti ya marehemu, akaomba koleo. Akalibana jino la jirani, akavuta. Kraa! Likatoka na pande la ufizi wa waridi. La pili vilevile. Kisha akaweka kando yake lile lililoua. Chini lilikuwa jeupe, linang'aa kama sahani iliyorambwa na paka.

"Gundi ikishika, jino haliondoki bila nyama," alisema Daktari, uso umempauka. "Hili halikushika kabisa. Kuna kitu kiliingia katikati."

Inspekta akasogeza lenzi. Kwenye gundi iliyokauka ndani ya kishimo cha jino hilo kulikuwa na mistari myembamba, imejipinda vizuri. Alama ya kidole.

"Mzee, maisha yako yote unachukua alama za vinywa vya watu. Safari hii gundi imechukua yako. Tukailinganishe?"

Mzee Nta akakaa kama gunia.

"Nilipaka mafuta kidogo tu, chini ya jino moja. Nilitaka lidondoke, mteja aje juu, mashine irudishwe ilikotoka. Saba! Ningejuaje saba ni dada? Nilimwahidi nitamchongea mimi!"

"Aliikumbuka ahadi yako," Daktari alisema polepole. "Ila aliona mikono yako inavyotetemeka siku hizi. Akaniomba nisikwambie, usivunjike moyo."

Mzee akainua mikono afiche uso. Ilikuwa bado na mafuta. Akaishusha.

"Na mimi, babu?" Binti aliuliza. "Ungeniacha nifungwe?"

Inspekta akafungua pingu. "Unamlilia dada yako. Na kama namba saba ingekuwa ya mtu mwingine?"

"Siku ile kazi zilikuwa mbili mezani, afande," Binti akasema. "Saba na nane. Yeye alichukua iliyokuwa karibu."

"Nane ya nani?"

Binti alimtazama mdomoni, penye pengo.

Inspekta akaufunga mdomo wake, taratibu.