Ruhusa Ambayo Belyse Hakuiomba

Siku ya soko pale Mulongwe, kando ya ziwa, hakuna anayechagua kitu kwa utulivu, lakini Belyse hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliinama juu ya lundo la mitumba, miwani ikikaribia kugusa nguo, mpaka akaona kofia pana ya kumfaa. Alipoivuta, haikuja. Upande wa pili ilishikwa na kijana mrefu aliyevaa suti ya michezo ya buluu, filimbi ikining'inia shingoni.

"Dada, achia, hii iko yangu," kijana akasema akicheka.

"Weye jua inakufanya nini?" Belyse akamjibu. "Minye iko inanichoma."

Ndipo kijana akamtazama vizuri: nywele za manjano, ngozi nyeupe yenye madoadoa, gauni la kitenge lenye mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Belyse alizaliwa na ualbino, na macho ya watu aliyajua yote, ya huruma na ya kuchunguza. Haya hayakuwa mojawapo. Haya yalikuwa macho ya mwanamume aliyeona msichana mzuri akasahau alichokuja kununua.

Kofia aliiachia, ila mwenye kofia hakumwachia. Kumbe walisoma chuo kimoja cha ualimu, wote elimu ya viungo na michezo. Kijana alihamia karibuni. Aliitwa Héritier Bahizire, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Bwegera. Haukupita mwezi mapenzi yakapamba moto. Kila jioni simu ya Belyse ililia, na sauti ikamwita kimapenzi, "Sheri, jua imelala, toka sasa," naye alitoka, wakatembea mtaani kwao Rugenge wakitaniana mpaka mama yake akaanza kukohoa mlangoni.

Kisha ukaja mtihani wa mwisho. Kila mwanafunzi angefundisha somo la michezo uwanjani, mbele ya walimu, na watoto wa shule ya msingi ndio wangekuwa darasa lake. Asiyefundisha hapati diploma ya ualimu wa michezo. Zamu zilipangwa kwa herufi za majina ya ukoo: Bahizire wa kwanza, asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza ng'ambo ya ziwa, Belyse Zihindula wa mwisho, adhuhuri, katika uwanja usio na hata kichaka. Daktari alikwisha kumwonya kwamba jua la namna hiyo lingempa vidonda, na vidonda vingemletea saratani. Basi akaenda kwa Prof Bruno, mkuu wa mitihani, kuomba abadilishiwe saa tu.

Prof Bruno, aliyepooza miguu, alimpokea kwa tabasamu. Alimwambia atulie, Héritier alikwisha kumwombea: ameondolewa uwanjani kabisa. Angeandika karatasi juu ya sheria za michezo, apewe cheti cha kufanya kazi ofisini.

"Na kusema kweli, mwanangu," akaongeza, "kazi ya uwanja haiko ya batu kama weye."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayempa mtoto pipi! Miaka yote ya jasho, halafu mtu aketi kwenye kiti chake cha magurudumu akufutie maisha huku anatabasamu. Belyse alitoka nje. Akampigia Héritier simu.

"Ulimwambia Prof Bruno nini?"

"Jua ingekuumiza, sheri. Nilifanya vile juu ya mapendo."

"Weye unapita mtihani saa gani?"

"Asubuhi. Minye wa kwanza."

"Uko na asubuhi mkononi, na haukuwaza kunipatia? Uliona rahisi kunitoa minye kuliko kutoa nafasi yako."

Akakata simu. Héritier alipiga tena na tena, akaja mpaka mlangoni na mananasi, na mananasi yakaliwa na wadogo zake Belyse, yeye hakutoka. Alilia, ndiyo, maana alimpenda. Wanaomtukana barabarani aliwazoea. Huyu alimfungia dharau ndani ya mapenzi, na hilo hakujua pa kuliweka.

Hatimaye Héritier alikwenda kwa Prof Bruno kutoa zamu yake, akafukuzwa: utaratibu ni utaratibu. Basi siku ya pili, darasa likiwa limejaa na Prof Bruno akiwa mbele, akasimama.

"Prof, nilisema kwa jina ya Belyse na sikumuuliza. Nilikosa. Asubuhi nampa yeye, minye nitafundisha mu jua." Kisha akaketi.

Macho yote yakamgeukia Belyse. Akainuka.

"Shule ya msingi yote nilikaa kando ya uwanja nalinda viatu vya wenzangu. Nilikuja hapa juu ya ile. Nikinyamaza leo, kuko mutoto kama minye atalinda viatu na yeye. Jua ndiyo iko mbaya, Prof. Haiko minye. Badilisha saa."

Darasa likanguruma. Dorine, rafiki yake, akasema yeye pia yuko tayari kubadilishana, na wengine wakafuata. Prof Bruno akakubali, uso umemkunjamana kama mtu aliyeporwa.

Alfajiri ya mtihani Belyse alisimama katikati ya uwanja. Kwa kuwa macho yake hayakufika mbali, aliweka sheria moja: hakuna kurusha mpira kabla ya kuita jina la unayempa. Hapo ikaonekana aibu ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuiona. Walikuwapo watoto wawili, wa familia zilizokimbia vita, ambao darasa zima halikujua majina yao. Mchezo ukasimama mpaka majina yakajulikana, na baadaye yakaitwa mara nyingi. Walimu waliandika alama zao. Alifaulu.

Héritier alifundisha adhuhuri, akatoka amelowa jasho, akamkuta Belyse barazani anamngoja.

"Bado uko na hasira?"

"Niko nayo."

"Nataka baba yangu na wazee waje kwenu Rugenge, kukuomba uwe muke wangu."

Belyse akaiweka kofia yake sawa.

"Baje. Lakini wakiuliza kama nakupenda, weye unyamaze. Nitajibu minye mwenyewe."

Héritier alifungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa.