Mgonjwa wa Saa Saba Mchana

Hakuwa na meza ya kusomea. Hakuwa na chumba chenye mlango wa kufunga, wala kiti ambacho mtoto hajamwagia uji. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo, na masomo yote ya uuguzi aliyasoma kwa kuchungulia pembeni ya ule ufa. Hakuwa na dada wa kumwachia watoto. Hakuwa na Jumapili. Ruhusa ya kuugua ndiyo kabisa hakuwa nayo, maana nyumba nzima ilikuwa imemwegemea yeye.

Mume alikuwa naye, na tena mume mwenye mapenzi. Huyu alikuwa fundi wa nguo, na watu wote, mkewe akiwemo, walimwita Fundi. Ndiye aliyembatiza mkewe jina la Sista siku chuo kilipompokea kusoma kwa masafa, na jina likamganda mtaani kabla hajajua hata kuchoma sindano. Kazini bado alikuwa mhudumu wa wodi katika zahanati, mtu wa kupiga deki na kubadilisha mashuka. Lakini Fundi alimwita Sista kwa sauti ya mtu anayejivunia, na yeye aliitika akitabasamu.

Kisha kiharusi kikampiga mama yake Fundi. Mguu wa kushoto ukagoma. Wakamleta nyumbani kwao, wakampa chumba cha mbele, na tangu hapo maisha ya Sista yakawa mzunguko usio na mlango wa kutokea. Alfajiri alimwogesha mkwewe na kumgeuza ubavu. Saa saba mchana wenzake walipokaa kula, yeye alivua aproni akaenda nyumbani mbiombio, akamgeuza, akampima mapigo ya moyo, akamlisha, akarudi kazini na njaa yake. Jioni alipika, akaogesha watoto, akageuza tena, akafungua somo kwenye simu na kusinzia juu yake.

Kwa ajili ya mgonjwa huyo alikwisha kuahirisha mafunzo ya vitendo mara moja. Mafunzo hayo yalikuwa ya wiki sita, katika hospitali ya mbali, na bila hayo hakuna cheti. Sasa ujumbe wa chuo ulikuwa umeingia tena: "Thibitisha kushiriki kabla ya orodha kufungwa Ijumaa. Atakayeahirisha mara ya pili ataondolewa masomoni." Alimsomea Fundi. Fundi aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, kisha akauliza neno moja tu:

— Na Mama?

Kwa hiyo siku zikapita, na Sista hakuthibitisha wala hakukataa.

Jumatano asubuhi, akiwa stoo anahesabu mashuka, simu ikaita. Alikuwa Matroni, msimamizi wake wa chuo, mama mtu mzima ambaye wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wenyewe. Sista alikuwa amemtumia zoezi la kumchunguza mgonjwa mmoja kwa muda mrefu na kuandika kila anachokiona. Mgonjwa aliyemchagua, bila shaka, alikuwa mama mkwe.

— Binti, nimesoma zoezi lako, Matroni alisema. Ni zuri sana. Nimekupa sifuri.

Sista alidhani mtandao umemeza maneno.

— Sifuri, Matroni?

— Umebuni mgonjwa. Wengi hubuni, na huwa nawakamata kwa sababu hawajui kupima. Wewe unajua kupima, ndiyo maana nimeona vibaya kukuacha. Hebu nieleze. Mtu amelala miezi minne, mguu haunyanyuki, halafu mashavu ya miguu yote miwili yanalingana unene?

— Nilipima mwenyewe, kwa futi ya mume wangu ya kupimia nguo.

— Visigino umeandika ni vigumu, vina mipasuko, na kwenye mipasuko mna vumbi. Visigino vya mtu wa kitandani hulainika kama vya mtoto. Hamkufundishwa hilo?

— Tulifundishwa.

— Tuje kwenye mapigo ya moyo. Asubuhi yako sawa. Jioni yako sawa. Saa saba mchana yanapanda, kila siku ya Mungu. Huyo bibi saa saba huwa anakimbia kutoka wapi?

Sista aliketi juu ya furushi la mashuka. Yale mapigo yalikuwa yamemnyima raha kwa majuma. Alikuwa amemuuliza daktari wa zahanati kama ni dalili ya kiharusi kingine. Alikuwa amepunguza chumvi kwenye chakula cha nyumba nzima, hata Fundi akalalamika kwamba anakula kama yuko gerezani.

— Sikubuni, alisema polepole. Ni mama mkwe wangu. Ninamwogesha kwa mikono yangu.

Sauti ya Matroni ilishuka.

— Basi kama mwongo si wewe, yuko nyumbani kwako. Nenda kaangalie. Halafu uniandikie barua ya maelezo, iwe na sahihi yako na ya mtu mzima mwingine wa nyumba hiyo. Nataka karatasi, si simu. Isipofika kabla orodha haijafungwa, nitalazimika kukuandika kama mdanganyifu, na nafasi yako ya vitendo imekwenda.

Posta ilifungwa saa kumi, na barua ya kufika Ijumaa ilipaswa kuondoka siku hiyohiyo. Sista alimwomba nesi wa zamu ruhusa, akaenda nyumbani. Safari hii hakukimbia. Alipita njia ya nyuma, akasukuma kigeti cha uani taratibu.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole, anaanika mashati ya shule ya watoto.

Kilichomchoma Sista kwanza hakikuwa ile miguu. Kilikuwa yale mashati. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi jioni na kukuta nguo zimefuliwa na kukunjwa, naye Fundi, akiulizwa, hujibu kwamba alipata nafasi kidogo mchana. Sista alikuwa amewasimulia wenzake kazini kwa majivuno, mpaka mmoja akaomba aazimwe huyo mume, hata kwa wikiendi moja.

Mama mkwe aligeuka, akamwona. Akautazama mlango wa chumba chake kama mtu anayepima iwapo bado anaweza kuwahi. Kisha akaokota kibanio kingine.

— Leo umewahi, alisema.

— Nimewahi, Mama.

— Wacha nimalizie hili shati. Halafu unigombeze.

Hakumgombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na yule mama akavuta kigoda, akaeleza yote bila kuficha. Kiharusi kilikuwa cha kweli. Lakini asubuhi moja, Sista akiwa kazini, mguu ulimwitikia. Akatembea mpaka dirishani, akamwita kwa furaha mwanawe, aliyekuwa bado hajatoka kwenda kazini. Fundi alikuja mbio, akamkumbatia, kisha akakaa kitandani akashika kichwa. Alimwomba asimwambie mtu kwanza, mpaka hiyo safari ya mafunzo ipite. Mwezi mmoja tu, alisema. Mwezi ukazaa mwezi mwingine. Kwa kuwa ni mwanawe wa pekee, mama akakubali, na hakukataa kwamba hata yeye alijiuliza nani atawapikia wajukuu Sista akiondoka.

— Nimechoka kulala, mwanangu, alisema. Nasikia hatua zako barabarani naacha kila kitu naruka kitandani, na moyo unanipiga kama wa mwizi. Mchana naoga mwenyewe, alfajiri unaniogesha tena. Ukinigeuza ubavu nazuia pumzi ili nisicheke. Siku nyingine ili nisilie, maana naona ulivyokonda. Mgongo unaniuma kwa uzima.

Sista alitaka kukasirika naye, akashindwa. Aliitazama ile nyumba, chumba cha mbele na jiko na kamba ya nguo, akaona kwamba wamekuwa wafungwa wawili wa seli moja, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mlinzi.

Fundi alikuja kula saa saba. Alimkuta mama yake amekaa uani, miguu chini, anachambua mboga. Sista alikuwa kando yake, bado na sare ya kazi. Fundi alisimama na futi yake shingoni, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

— Karibu, Sista alisema. Mama amepona. Lakini wewe una habari tayari.

Fundi hakujitetea haraka, na hilo lilimpa heshima kidogo. Alieleza kwa kubabaika habari za fundi mwenzake wa cherehani ya jirani. Mke wa yule alikwenda kusoma, akarudi na vyeti, akapangiwa kazi mbali, mwisho akatuma ujumbe mmoja wa simu na ndoa ikaishia hapo. Tangu hapo yule mtu alikuwa akishona na kusimulia, akishona na kusimulia, naye Fundi akimsikiliza, mwaka mzima.

— Nikaona ukivaa gauni jeupe utaniona mimi ni mtu wa vifungo na zipu, alisema. Ninakupenda, Sista. Sikujua namna nyingine ya kukushika.

— Umenifungia ndani kwa miguu ya mama yako.

Fundi aliivua futi shingoni, naye Sista akaendelea:

— Nimemgeuza mtu mzima ubavu kwa ubavu mpaka mabega yamelegea. Nimeacha kula mchana. Hayo naweza kusahau, ni kazi, nimezoea kazi. Lakini kila nilipokuta nguo zimefuliwa nilikupenda upya, Fundi. Hilo sitakusamehe upesi.

Akamwambia habari ya Matroni na ya barua. Fundi akapata nguvu kidogo, akasema jambo lenyewe ni rahisi, waandike kwamba Mama amepata nafuu wiki hii, naye atatia sahihi sasa hivi. Sista akatikisa kichwa. Wakiandika hivyo, vile vipimo vyote alivyotuma vitakuwa uongo, naye atakuwa mwongo. Barua lazima ieleze nani alimlaza mgonjwa ambaye haumwi, tangu lini na kwa nini.

— Mimi ndiye ninayeshona sare za zahanati, Fundi alisema. Manesi wote wananijua. Habari hii ikitoka watanicheka mpaka naingia kaburini.

— Watacheka mwezi mmoja, mama yake alisema bila kuinua macho kwenye mboga. Mimi nimelala zaidi ya huo.

Fundi alitoka bila kula. Sista akaingia ndani, akachukua karatasi ya daftari la mtoto, akaandika sehemu yake. Aliandika vizuri, kwa mstari ulionyooka, kisha akabaki ameikodolea macho nafasi iliyoachwa chini kwa ajili ya mtu mzima mwingine. Mama mkwe alijitolea kusaini. Sista alimshukuru, akakataa. Mgonjwa hawezi kujishuhudia, na zaidi ya hapo, kuna jambo alilotaka kulijua kuhusu mumewe, na hakuna mwingine wa kumjibu.

Saa nane ikapita. Alikwenda mlangoni, akarudi. Watoto walitoka shule, wakamkuta bibi yao amesimama jikoni, wakaanza kuruka kwa furaha, naye hakuwa na nguvu ya kuwanyamazisha. Simu ikalia ujumbe wa Fundi.

"Niandike nini?"

Akajibu: "Ulichofanya."

Kitambo kikapita.

"Chote?"

"Chote."

Saa tisa nayo ikaanza kwisha. Sista alikunja karatasi yake bila sahihi ya pili, akavaa viatu, akisema moyoni kwamba atakwenda hivyohivyo na kuandikwa mdanganyifu huku anajua ukweli. Alipofungua mlango, Fundi alikuwa anaingia, jasho linamtiririka, na karatasi mkononi.

— Nimemsomea jirani yangu wa cherehani kwanza, alisema. Nilitaka nianze kuchekwa na mtu mmoja.

— Amecheka?

— Hakucheka. Amesema angepewa nafasi tena, angemsindikiza mkewe stendi.

Akamsomea. Hakuwa mtu wa kuandika, na sentensi zake zilikuwa fupi kama mishono ya mkono. "Mimi ni mume. Mama yangu alipona. Mimi ndiye niliyemwomba alale. Mke wangu hakujua. Alichopima ni kweli tupu. Nilifanya hivi ili asiende. Naomba aende." Chini alikuwa ametia sahihi, na chini ya sahihi akaandika jina lake lote ili wasije wakadhani ni mtu mwingine.

Sista aliisoma mwenyewe mara moja zaidi. Hakumkumbatia. Aliichukua, akaiweka pamoja na ya kwake, na juu yake karatasi ya tatu, aliyoandika kuthibitisha kwamba atashiriki mafunzo.

— Utarudi? Fundi aliuliza.

— Ungeniuliza hivyo tangu mwanzo, tungelala usingizi sote, Sista alisema. Nitarudi. Watoto wangu wako hapa. Na wewe uko hapa, bahati yako. Ila wiki hizo sita nguo utafua wewe, na nitamuuliza Mama.

— Nami nitasema kweli, mama mkwe alisema kutoka jikoni. Uongo umenichosha mgongo.

Alikuwa ameshajifunga kanga ya kutokea. Alisema anakwenda posta na mkwewe, kwa miguu yake mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke. Fundi akataka kuwasindikiza. Sista akamwonyesha sufuria na watoto wawili wenye njaa, naye Fundi akabaki.

Wakaenda wanawake wawili, polepole, kwa sababu mguu wa kushoto bado ulikuwa mzito kidogo. Karani wa posta alikuwa anavuta dirisha la chuma. Sista aliweka mkono katikati, akaomba stempu. Akatia karatasi tatu ndani ya bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi, akaibana kwa kiganja mpaka kingo zote zikashika. Kisha akamkabidhi karani, akabaki amesimama mpaka alipouona mhuri ukiigonga bahasha, nayo ikitupwa ndani ya gunia.