Pumzi Thelathini na Moja

Traki ya saba ilikuwa imezimwa, lakini taa zake zilikuwa zinapanda.

Tumainieli aliziona saa sita mchana, Jumatano, akiwa mbele ya kompyuta katika studio yake ndogo mjini Same. Alikuwa anasawazisha ngoma na kinanda cha kwaya. Kila sauti iliyorekodiwa ilikuwa na mstari wake kwenye kompyuta, na kila mstari ulikuwa na kitufe cha kuuzima na taa ndogo za kijani zilizopanda sauti ilipoongezeka. Traki ya saba aliizima mwenyewe asubuhi, maana kazi isingeenda akiisikia. Ilikuwa sauti ya mkewe, Dorkas. Walikuwa wamemzika Vudee, juu milimani, na sasa ilikuwa wiki ya sita.

Akadhani ni hitilafu. Akashusha sauti ya traki ile mpaka chini kabisa. Taa zikapanda hadi nusu, zikakaa hapo bila kutikisika, kama mwimbaji aliyeishikilia noti moja.

Kwaya ya Vudee ilirekodi mwezi Januari. Dorkas ndiye aliyeongoza wimbo wa pili, na kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Kila baada ya mstari alivuta pumzi kwa mlio mwembamba kama wa filimbi, na maikrofoni ilizichukua zote. Mwalimu wa kwaya, Eliezeri, alisimamisha kazi akacheka.

"Fundi, huyu mkeo anaimba au anapanda Vudee kwa mguu na gunia la mahindi?"

"Gunia ni wewe, mwalimu," alisema Dorkas. "Mara ya nne hii unaturudisha mwanzo."

Watu walicheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Mwezi Februari alifariki.

Baada ya mazishi Tumainieli alijifungia studio siku mbili. Alitaka binti yao Leticia, mwenye miaka mitatu, akikua amsikie mama yake akiwa mzima. Basi alikata pumzi zote. Alizitafuta moja moja kwenye mstari, akazitenga, akazifuta. Zilikuwa thelathini na moja. Kisha akaifuta na rekodi ya mwanzo, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa na kwa sababu hakutaka kuusikia tena ugonjwa ule. Iliyobaki ilikuwa sauti safi sana. Alimtumia Eliezeri kwenye simu, na Eliezeri akajibu kwamba hata malaika wangeona wivu.

Sasa taa zilikuwa zinapanda. Tumainieli akasikia harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa. Mvua ilikuwa haijanyesha Same tangu Desemba, mlango ulikuwa umefungwa, na kuta zilikuwa zimefunikwa kwa magodoro na trei za mayai. Akazima kompyuta, akatoka nje kwenye upepo, akasali Baba Yetu taratibu hadi mwisho.

Alhamisi alivaa hedifoni akaisikiliza traki ya saba peke yake. Wimbo ulikwisha mahali pake. Sauti haikwisha. Iliendelea na maneno ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, ikilitaja jina la Leticia, chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake, na kwa dakika nne nzima haikuvuta pumzi hata mara moja.

Mama mkwe wake, bibi Priska, aliteremka kutoka Vudee baada ya msiba ili amlee mtoto. Walilala vyumba viwili nyuma ya studio. Ijumaa mchana aliingia na bakuli la makande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula." Hakukaa. "Baba Leti, mtoto anaimba."

"Ni vizuri, mama. Tangu msiba hajaimba."

"Si vizuri." Alipunguza sauti. "Nimekaa naye uani tangu asubuhi. Anaimba ule wimbo wa mama yake, ubeti wa kwanza na wa pili, bila kuvuta pumzi. Akimaliza anaanguka chini, midomo imekuwa kama zambarau, halafu anaamka anaanza tena. Nani amemfundisha?"

Tumainieli aliweka kijiko chini. Akamweleza habari ya zile pumzi, idadi yake, na jinsi alivyozifuta. Mama mkwe alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye mlango.

"Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi," alisema, "akampulizia puani pumzi ya uhai. Wewe umeitoa. Sasa hiki ulichokibakiza ni nini?"

"Nilitaka awe mzuri, mama."

"Alikuwa mzuri. Bibi zetu walituambia jini linaweza kuiga kila kitu cha mtu isipokuwa kuhema. Umelitengenezea nyumba, ukalifagilia na uwanja. Ifute."

"Ndiyo sauti pekee tuliyobaki nayo."

"Najua. Mimi ndiye mama yake."

Hapo wakamsikia mtoto. Hakuwa uani tena. Alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha waimbaji, amesimama chini ya maikrofoni ambayo urefu wake ulimzidi mara mbili, macho ameyakaza ukutani, na kutoka kinywani mwake ilitoka ile noti moja, na kwenye kompyuta, ambayo hakuna aliyeiwasha, taa za traki ya saba zilikuwa zimepanda hadi kwenye nyekundu, na sauti mbili, ya mtoto na ya marehemu, zilikuwa zimeshikana hata isingewezekana kujua ipi inaibeba nyingine, huku harufu ya udongo ikijaa chumba mpaka Tumainieli akauhisi ulimini, na midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi.

Bibi Priska alikimbilia mlango wa chumba kile, akauvuta, haukufunguka.

Tumainieli alishika mausi. Akaichagua traki. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

"Baba Leti," ilisema spika. Ilikuwa Dorkas, kabisa, na lile jina alilokuwa akimwita kila siku. "Umenisafisha vizuri sana, mume wangu, sasa sikohoi tena wala sichoki, kwa nini unataka kunizika mara ya pili wakati ile ya kwanza ulilia mpaka wakakushika mikono?"

Tumainieli hakuweza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka. Alimwona mwanawe akipiga magoti nyuma ya kioo, bado anaimba.

Bibi Priska aliacha mlango. Akaja akasimama kando yake, mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akaisikiliza sauti ile kwa makini.

"Dorkas wangu hakumaliza sentensi bila kukohoa mwezi ule wa mwisho," alisema. "Kwa jina la Yesu, toka." Akaweka kidole chake juu ya kidole cha mkwewe, akakibonyeza.

Mstari ukatoweka. Mlango ukafunguka wenyewe. Leticia alivuta pumzi ndefu yenye makelele, kisha akalia kama mtoto yeyote anavyolia, na bibi yake akamfunga mgongoni kwa kanga.

Kesho yake wakapanda gari la asubuhi kwenda Vudee, bibi na mjukuu, mbali na studio ile. Tumainieli alibaki amalize kazi ya kanisa. Usiku alilala, na harufu ilikuwa imekwisha. Alimshukuru Mungu kila siku kwa majuma mawili.

Jumatatu iliyofuata kwaya iliteremka kurekodi upya wimbo wa pili. Eliezeri alimleta msichana aitwaye Asteria aongoze mahali pa marehemu.

"Huyu hachoki," alisema Eliezeri kwa fahari. "Wote wameiva safari hii. Ile uliyonitumia niliigawa, kila mtu anayo kwenye simu. Vudee nzima wanaipiga, shambani, jikoni."

Tumainieli alimtazama. "Ile niliyokutumia."

"Hiyo hiyo. Ungemwona na Leticia wako. Bibi yake anamkataza, lakini akisikia simu ya jirani, anaifuata."

Wakaanza. Nyuma ya kioo walisimama watu ishirini na wanne wenye majoho meupe ya kwaya. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaingia wa pili, na Tumainieli, ambaye hakuwa anaangalia tena taa, alitazama vifua vyao kimoja baada ya kingine. Eliezeri aliinua mkono kuwasimamisha. Hawakuacha kuimba. Akainua mikono yote miwili, kisha akageuka polepole kumtazama fundi.

Tumainieli alitoka nje na simu. Ilimchukua bibi Priska muda kupokea.

"Mama, Leticia yuko wapi?"

"Yuko hapa mlangoni. Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

"Anafanya nini?"

"Sikiliza mwenyewe," alisema, akaisogeza simu.

Alimsikia mwanawe akiimba, mbali kidogo, kwa sauti tamu na safi. Tumainieli aliziba sikio la pili upepo usimsumbue, akasimama barabarani juani, akingoja mtoto avute pumzi.