Barafu Yenye Harufu ya Kafuri

Jumatano ya tarehe 14 Novemba 1956, jua likielekea kuzama, Othmani alishuka kwenye lori la mpunga pale Rujewa, Usangu. Mkono wa kulia alishika sanduku la vifaa, wa kushoto chupa ya chai. Chai hiyo alijitilia mwenyewe alfajiri, nyumbani kwake Iyunga, Mbeya. Tangu Machi hakuwa na wa kumtilia.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa ndogo. Mzungu mmoja, mpimaji wa mifereji ya mpunga, alikuwa na nyumba ya magurudumu, karavani, aliyoiegesha nje ya mji kwenye migunga. Darini mwake mlikuwa na mashine ya kupoza hewa, iliyoendeshwa kwa jenereta ya petroli. Mashine hiyo ilikuwa ikiganda barafu. Mwenyewe alikuwa safarini, angerudi Ijumaa, na aliagiza aikute nzima.

Othmani, fundi pekee wa mitambo ya baridi katika Mbeya nzima, hakuweza kuikataa kazi bila kueleza sababu. Na kueleza ndiko kulikomshinda. Mkewe, Mwantumu, alikuwa amezikwa Rujewa. Othmani alikusudia kutengeneza, kulala ndani ya lori, na kuondoka alfajiri bila kupita kwa mama mkwe.

Mlinzi wa karavani, Msangu mmoja aitwaye Kalinga, alimpokea kwa kicheko.

“Karibu, Fundi. Huyu ng’ombe wenu ametushinda. Tunamlisha petroli, tunamkamua barafu!”

“Tangu lini?”

Kicheko kikakatika. “Tangu masika.”

Othmani akapanda juu ya kiti, akafungua kifuniko cha dari. Alikuwa mtu wa utaratibu. Mashine ya baridi haigandi bure: ama hewa haipiti, ama feni imechoka, ama gesi imepungua. Mabomba hayakuonekana kabisa. Barafu ilikuwa imeyafunika, nene kama vidole vinne, nyeupe bila povu. Akachomoa chujio.

Lilikuwa limezibwa na pamba.

Si vumbi, si manyoya ya ndege. Pamba nyeupe, iliyochambuliwa kwa mkono, uzi baada ya uzi. Akaisogeza puani.

Kafuri, ile wanayopakwa maiti…

Akajiambia kuwa mzungu huweka kafuri kwenye nguo zake kuzuia nondo. Akaitupa pamba, akaosha chujio, akayeyusha barafu kwa maji ya moto. Akapima gesi: imetimia. Akajaribu feni: nzima. Akawasha. Kwa muda wa nusu saa hewa ilitoka kavu na safi, na Othmani akaridhika. Sababu imepatikana. Akatandika mkeka wake nje, akasali magharibi.

Alikuwa kwenye sijda ya mwisho aliposikia.

Ngli… ngli.

Chuma chembamba juu ya bati. Mara mbili.

Kwao, watu wenye asili ya pwani, mke hamwiti mumewe kwa jina. Humwita kwa jina la mtoto: Baba fulani. Mwantumu alikaa miaka kumi na mmoja bila mtoto wa kumwitia mumewe. Kwa hiyo alipomtaka aligonga bangili kwenye mwimo wa mlango, mara mbili, na Othmani aliitika. Majirani wa Iyunga walimcheka. “Fundi anaitwa kama mbuzi wa kengele!” Naye alicheka nao.

Akatoa salamu ya kumaliza sala, akaingia ndani mbio.

Barafu ilikuwa imerudi. Chujio lilikuwa safi, feni ikizunguka, na barafu ilikuwa imepenya tundu za kifuniko na kuanza kushuka chini, polepole, kama inayotafuta kitu.

“Kalinga!” aliita. “Humu ndani kuliwekwa nini?”

Kalinga alisimama kwenye ngazi, hakuingia. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

“Nilidhani walikwambia, Fundi.”

“Nani?”

“Mama yake marehemu.” Akaikunja kofia. “Zile siku tatu… joto lile, Fundi. Angekaa wapi?”

Othmani akakaa chini.

Mwezi wa Machi Mwantumu alikuja kwa mama yake, maana mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwao. Uchungu ulimchukua Jumapili. Jumatatu alfajiri alikufa, na mtoto tumboni. Othmani alikuwa Iringa kwa kazi. Ilipomfikia simu ya maandishi ya msiba, alijibu kwa simu yenye maneno matatu: MSIZIKE MPAKA NIJE. Kwa watu wa dini yake maiti hasubirishwi. Alilijua hilo. Lakini alitaka kuuona uso. Kisha mvua ikakata barabara, na alifika Alhamisi. Alimkuta Mwantumu kitandani kwa mama yake, ameoshwa, amevikwa sanda, uso mzima kama wa mtu aliyelala. Joto la Usangu, siku tatu, na uso ule! Alidhani ni rehema. Hakuuliza.

“Mzungu alikuwa likizo,” Kalinga alisema. “Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mama aliniangukia miguuni, tukamlaza humu. Niliwasha mashine usiku na mchana. Na marehemu…” Akaitazama barabara.

“Sema.”

“Kila lori likipita barabarani, kilisikika kitu kikigonga ukutani. Mara mbili. Nilisema ni panya. Fundi, humu hamjawahi kuwa na panya.”

Ngli… ngli.

Safari hii walisikia wote wawili. Kalinga akaruka ngazi, akakimbilia mjini. Aliporudi, giza limetanda, alifuatana na Bi Mwanakhamisi, mama yake Mwantumu, amejifunika kaniki.

Othmani alishuka, akainamisha kichwa mbele ya mkwewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Hakumpa mkono. “Miezi minane, Othmani. Hata kupita kusema hodi?”

“Nisamehe, mama. Uso niliukosa.”

“Uso uliupata. Wa mwanangu ndio ulioupata.” Akachomoa fundo la kaniki, akalifungua. Ndani mlikuwa na bangili nyembamba ya fedha. “Hii nilimvua mwenyewe tulipomwosha. Haijatoka kwangu. Sasa niambie, kinachogonga humo ni nini?”

Othmani aliitazama bangili, kisha mlango wa karavani.

“Ulituma simu ya kutuzuia,” Bi Mwanakhamisi alisema kwa sauti ndogo. “Hukutuma ya kuturuhusu. Ulifika, ukalia, akazikwa. Neno lako hukulirudisha. Ingia ulirudishe. Mwambie mwenzio aende.”

Akaingia peke yake, akafunga mlango.

Taa ya dari ilikuwa imefunikwa na ukungu. Pumzi yake ilitoka nyeupe. Harufu ya kafuri ilikuwa nzito kiasi kwamba aliionja ulimini. Barafu ilikuwa imeshuka hadi usawa wa kifua chake, na ncha yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mviringo, na juu yake palikuwa na mikunjo midogo mitano, kama ngumi iliyofungwa.

“Mwantumu,” alinong’ona. “Nimekuja.”

Jenereta ikanguruma nje. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe…

“Baba Zubery.”

Akaigeukia barafu.

Jina hilo walilichagua usiku mmoja pale Iyunga, taa imezimwa, wakaapiana wasimwambie mtu mpaka mtoto azaliwe. Hakuna aliyelijua. Wala yeye hakuwahi kuitwa hivyo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Alikuwa ameingia kusema neno moja, nenda. Akafumbua kinywa.

“Ngoja,” alisema. “Ngoja kidogo.”

Barafu ikalia kwa kupasuka, ikatanda. Ikashuka ukutani, ikashika kitasa cha mlango, ikashika viatu vyake. Nje Kalinga alikuwa akipiga kelele, “Zima, Fundi! Zima!” Othmani hakujali. Aliinua kiganja cha kushoto, akakiweka juu ya ile mikunjo mitano.

Ilikuwa ikitetemeka.

Hapo ndipo alipoelewa. Mwantumu alikuwa akiona baridi. Miezi minane alikuwa humo akiona baridi, kwa sababu aliambiwa asubiri, naye alikuwa mke mtiifu.

“Nenda,” Othmani alisema huku akilia kwa sauti. “Nenda, Mama Zubery. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nimekuruhusu.”

Akanyoosha mkono, akavuta swichi.

Kimya…

Kisha tone. Kisha matone. Akachukua beseni, akakinga maji hayo mpaka saa ya isha ikapita, asiache hata tone liguse sakafu. Bi Mwanakhamisi akayapokea mlangoni, na wote watatu wakaenda kuyamwaga juu ya kaburi, kimya kimya. Ardhi kavu ya Usangu ikayanywa mara moja.

“Umemruhusu?” mama mkwe aliuliza.

“Nimemruhusu, mama.”

Mashine ile haikuganda tena, na mzungu alisifu kazi. Othmani alirudi Iyunga, hakuoa mwingine. Bi Mwanakhamisi alimwuliza swali lile lile kila walipoonana, hadi alipokufa mwaka 1971, naye alijibu vile vile. Alijibu kweli, ila si kweli yote.

Kabla hajafungua mlango wa karavani kutoa beseni, alikuwa amemwaga chai yake. Kipande kimoja cha barafu, kidogo kama kidole cha mtoto mchanga, alikitia ndani ya chupa, akaifunga. Alikusudia siku mbili tu.

Alilikiri jambo hilo siku ya mwisho wake, mwaka 1983, na akasihi isifunguliwe na mtu asiyejua la kusema. Chupa bado iko kabatini, Iyunga. Kifuniko kimeshika kutu, na ubavu wake hutoka umande hata wakati wa kiangazi.

Ukiinama karibu nayo na kulitamka jina la Zubery, kipande kile hugonga kioo.

Mara mbili.