Sababu ya Bwana Murshid

Ilikuwa saa ya mapumziko ya tamthilia, na ukumbi wa nje umejaa watu na harufu ya udi. Muhsina, kwenye abaya nyeusi yenye tarizi za fedha mikononi, alisimama kando akifuta macho. Kijana mwenye fulana nyeusi, waya begani, akapita akamkanyaga pindo.

"Samahani bibie. Nimekuliza mimi, au ulikuwa ushaanza?"

"Nnalia kwa hasira! Hivi yule mama atampa bintiye radhi, au hampi?"

"Mimi fundi wa taa tu. Rudi ndani ukaone."

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya nyimbo, ya familia ya Kiyahudi: mama mjane anawachagulia mabinti zake waume, na mdogo wao kampenda baharia wa dini nyingine. Bwana Murshid, baba yake Muhsina, aliilia mpaka kilemba kikaenda upande. "Maskini mtoto wa watu!" alisema. "Mama gani huyu asiye na huruma?"

Fundi wa taa aliitwa Aws. Wakapeana namba, na wiki haikupita, simu zikaanza.

"Uko juu ya ngazi tena?"

"Niko juu, roho yangu, nakuwaza."

"Shuka kwanza ndio uniwaze. Mume aliyevunjika miguu simtaki."

"Umesema mume!"

"Sikusema."

"Umesema, nimesikia!"

Wazee wa Aws wakaenda Mabela, kwao Muhsina, kuposa. Bwana Murshid aliwakaribisha kwa halua na kahawa, kisha akauliza swali moja tu: bibi yake Aws ni wa kabila gani? Wakamwambia, Mmanyema wa Ujiji, bara Afrika. Hakuuliza kama kijana anaswali. Kesho yake akapeleka jibu kuwa Muhsina mwenyewe hamtaki. Uongo mtupu, na aliusema tasbihi iko mkononi!

Aws akaamini, akaacha kupokea simu. Wiki ya pili Muhsina akaendesha gari mpaka mtaa wa Darsait, akamkuta karakanani anafungua taa.

"Simu zangu zote hizo, hata moja hukupokea!"

"Si umenikataa? Baba yako kasema."

"Na wewe ukaamini bila kuniuliza? Mjinga wee!" Akampiga begani kwa mkoba, kisha akalia.

"Nisamehe, habibti."

"Nitakusamehe nikishamaliza kukasirika. Leo sijamaliza."

Akarudi nyumbani na hasira zake zote.

"Baba, umemlilia mtoto wa Kiyahudi mbele za watu. Mimi je?"

"Ule mchezo, mwanangu. Huku kuna asili, kuna kufu, mtu aolewe na wa nasaba yake."

"Yule mama alikuwa anatetea dini yake. Aws dini yake na yako moja! Wewe unatetea nini?"

"Siozeshi. Nishasema."

"Basi nakwenda mahakamani, kadhi aniozeshe."

Akaenda kweli. Kesi ilichukua miezi mitatu, na nyumba nzima ilimnunia, shangazi zake wakimwita mkosa adabu. Siku ya kusikilizwa Aws alikuja na bibi yake yule wa Ujiji, Bi Zakiya, mkongojo mkononi, naye bibi akakaa hatua mbili kutoka kwa Bwana Murshid.

"Kijana anaswali?" kadhi aliuliza.

"Anaswali," Bwana Murshid alijibu.

"Ana kazi?"

"Anayo."

"Tabia yake?"

"Sijasikia baya."

"Basi kasoro yake nini? Itaje, iandikwe."

Bwana Murshid akainua macho, yakakutana na ya Bi Zakiya. Sebuleni kwake neno la asili lilimtoka kwa wepesi. Hapa mwenye asili hiyo alikuwa anamtazama.

"Sema, baba," Bi Zakiya alimwambia kwa upole. "Nnasikia vizuri tu."

Kalamu ya karani ilingoja.

"Sina," Bwana Murshid alisema mwisho. "Sina sababu."

Muhsina akasimama. "Miezi mitatu unaniliza, Baba, na kumbe huna!"

Kadhi akamuuliza baba kama ataozesha mwenyewe au mahakama imwozeshee. Bwana Murshid akanyoosha mkono wa kuozesha, uso kauinamisha chini, na Aws akaupokea.