Karatasi ya Kipanga Tano

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba. Kiko ghorofa ya pili ya mnara wa kuongozea ndege, katika kiwanja kidogo cha ndege cha jeshi kwenye tambarare iliyo chini ya Moshi, upande wa kuelekea Kahe. Kuna meza, redio yenye spika, saa ya ukutani, na ubao ambamo karatasi nyembamba hupachikwa moja juu ya nyingine. Kila karatasi ni ndege moja iliyo angani. Dirisha ni kubwa, lakini usilitegemee. Ni mwezi wa nne, na wingu limeukalia uwanja tangu alfajiri.

Kiwanja hiki hakina rada. Mwongoza ndege haioni ndege iliyo ndani ya wingu, na rubani naye hauoni mlima. Rubani huruka kwa kutazama vipimo vilivyo mbele yake na kwa kusikiliza anachoambiwa. Ndiyo maana kuna desturi moja isiyovunjwa: mwongoza ndege akitoa agizo, rubani hulirudia neno kwa neno. Hapo wote wawili hujua kwamba wameelewana.

Mezani ameketi Sajenti Winfrida, mwenyeji wa Kibosho, aliyefanya kazi hii miaka tisa bila doa. Pembeni yake Koplo Godlove, msaidizi wake, anapuliza chai.

Jumatano ile, saa tatu asubuhi, Winfrida aliinua kipaza sauti akitaka kupima redio. Kabla hajasema neno, spika ilikwaruza.

"Kipanga Tano. Nasubiri juu ya mnara, futi elfu kumi na mbili."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu asiye na haraka. Winfrida alibaki na mkono hewani. Hakuwa amemwita mtu. Rubani alikuwa amerudia agizo ambalo halijatolewa.

Alifanya kile ambacho mwongoza ndege yeyote mwangalifu angekifanya. Alichukua karatasi tupu, akaandika jina, akaandika futi, akaipachika ubaoni. Katika kazi yao sauti ni ndege, maana ukiipuuza sauti ya kweli unaua watu. Kisha akapiga simu vituo vya jirani. Hakuna aliyemjua Kipanga Tano. Mchana wingu lilipopanda, sauti ilinyamaza, na hakuna ndege iliyotua. Karatasi ilibaki ubaoni, kwani haiondolewi mpaka ndege ifike chini.

"Afande, huyo rubani wako nimuulize anaweka mafuta kituo gani," Godlove alisema. "Pikipiki yangu inakunywa kama mtu wa harusi."

Winfrida alicheka. Siku ya pili hakucheka. Sauti ilirudi pamoja na wingu, nayo ilikuwa imeshuka hadi futi elfu kumi na moja. Ijumaa ilikuwa elfu kumi. Hakuna aliyeiruhusu kushuka. Na kila iliposema, chumba kilijaa harufu ya jokofu lililozimwa na kufungwa kwa miezi mingi.

Jumamosi, ilipofika elfu tisa, Winfrida aliongeza sauti ya spika na kusogeza sikio. Nyuma ya sauti ya kila rubani kuna mngurumo wa injini. Mtu wa kazi hii huuzoea mpaka asiusikie tena. Nyuma ya Kipanga Tano hapakuwa na injini. Palikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile maji yalikuwa yakidondoka, tone moja moja, kama pangoni.

"Godlove," alinong'ona. "Unasikia?"

Godlove alikuwa ameiweka chai chini. "Nasikia, afande. Naomba tusiongee kwa nguvu."

Jumapili baada ya misa, Winfrida alipanda barabara mbovu ya Kibosho hadi kwa Mzee Leodegar, aliyewahi kukalia meza ile ile kabla ya kustaafu. Alimkuta kwenye kihamba, shamba lake la migomba, akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mzee, kuna ndege inanisumbua kazini. Inajiita Kipanga Tano."

Panga lilisimama hewani.

"Imefika ngapi?"

"Elfu tisa, jana."

"Na umeiandikia karatasi."

"Nimeiandikia."

"Hata mimi niliiandikia." Aliketi juu ya kigogo. "Ilishuka mpaka elfu saba, ikakaa hapo. Siku hiyo ikaja ndege ya kweli, watu sita ndani. Elfu saba ndipo njia ya kushukia inapoanzia, na mimi kwenye ubao wangu naona njia ina mtu. Nikamwambia rubani apishe. Akasubiri kaskazini." Aliinua panga na kuelekeza juu ya migomba, kule mlima ulikojificha. "Waliwapata baada ya siku nne."

Ng'ombe alitafuna.

"Ni kitu gani, mzee?"

"Mama yangu alikuwa akisema ni jini la wingu. Halina mwili, linatafuta pa kukaa. Sisi tukalipatia pa kukaa, mwanangu. Tukaliandikia na jina. Usiligombeze, maana kuligombeza ni kuongea nalo. Iondoe karatasi."

"Na kama mle ndani kuna mtu kweli?"

Leodegar alimtupia ng'ombe kipande cha mgomba.

"Nilijiuliza hivyo hivyo," alisema. "Sita, Winfrida."

Jumatatu, saa tisa alasiri, wingu lilishuka mpaka taa za njia ya kurukia zikapotea moja baada ya nyingine. Rubani mmoja wa jeshi, Kapteni Jesse, aliita kutoka kusini. Alikuwa amebeba majeruhi wawili wa mafuriko pamoja na muuguzi wao, Yuditha, na mafuta yake yalibaki ya dakika ishirini. Aliomba kushuka hadi futi elfu saba, aanze njia ya kutua.

"Kipanga Tano," spika ilisema mara moja. "Niko elfu saba, juu ya mnara. Mwambie apishe. Asubiri kaskazini."

Winfrida aliitazama karatasi. Mkono wake ulienda hadi ubaoni ukarudi. Miaka tisa ilikuwa imeufundisha mkono ule usiondoe ndege iliyo hewani.

"Mnara, mbona kimya?" Jesse aliuliza. "Nina watu wanaumwa huku."

"Mnara, mbona kimya?" spika ikarudia kwa sauti ya Jesse ile ile. "Nina watu wanaumwa huku." Na safari hii, nyuma ya maneno yale, polepole, kama mtoto anayejifunza kuimba kwa kumwiga mwenzake, kitu kilianza kunguruma, kwanza kwa kukwama, kisha vizuri zaidi, mpaka injini mbili zikawa zinaunguruma ndani ya chumba kile chenye harufu ya jokofu bovu, na Winfrida, aliyekuwa ameweka matumaini yake yote katika injini, hakuweza tena kujua yupi ana watu na yupi hana.

"Afande," Godlove alinong'ona, "yupi ni yupi?"

Winfrida alisogea karibu na kipaza sauti. Alikumbuka Jumatano, saa tatu asubuhi, agizo lililorudiwa kabla ya kutolewa. Alibonyeza kitufe, akasema taratibu, "Kapteni Jesse, geuka kushoto, uelekee..." Akakata hapo hapo.

"Naelekea nyuzi mia tatu na kumi," ilijibu sauti ya kwanza bila kusita.

Ndiyo namba aliyokuwa nayo moyoni.

"Mnara, sijapata namba," ilisema sauti ya pili, yenye hasira na uchovu. "Rudia."

Winfrida aliing'oa karatasi ya Kipanga Tano na kuikunja ndani ya ngumi. Ilikuwa imelowa. Kisha akamwambia yule aliyechoka ageuke nyuzi mia tatu na ishirini, ashuke hadi futi elfu saba, apite juu ya mnara, na alisema hayo huku akijua kwamba kama amekosea anaigonganisha ndege na ndege, na akasikiliza kila neno likirudishwa kwake sawasawa, namba ile mpya aliyoibadilisha dakika ya mwisho ikiwemo, na baada ya hapo akahesabu sekunde kwenye saa ya ukutani mpaka taa mbili zikatoboa wingu na magurudumu yakagusa ardhi.

Godlove alipiga ishara ya msalaba. Spika ilikuwa kimya. Harufu ilikuwa imeondoka.

Muuguzi Yuditha alipanda ngazi kwanza, akaomba simu ya kuita gari la hospitali. Majeruhi wote walikuwa hai.

"Dada, asante," alisema. "Ila pale juu, tulipoanza kushuka, baridi iliingia, vioo vikaganda. Kama tumepita katikati ya kitu. Kapteni hajasema neno tangu hapo."

Nyuma yake Jesse aliingia, kofia mkononi, uso mtulivu wa mtu asiye na haraka. Winfrida aliinuka. Kitabu cha kupokelea ndege kilikuwa bado kimefungiwa ndani ya droo.

"Pole kwa safari, Kapteni," alisema. "Naomba unitilie..."

"Sahihi," alijibu Jesse kwa upole. "Ukurasa wa arobaini, mstari wa tatu."

Hakuna aliyesogea. Katika kimya kile, kutoka kwenye mkono wa sare ya Jesse, maji yalianza kudondoka sakafuni, tone moja moja.

Sasa fumbua macho. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, hata ukisahau mengine yote: mtu akikujibu kabla hujamaliza kusema, nyamaza kwanza, na usiliandike jina lake popote.